Je, wajua kwa nini nguru huuma kijiko?

Mvuvi wa kurambaza, yaani anayekokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, anaweza kurudi Nungwi au Mkoani na nguru, jodari au kolekole bila kutia hata dagaa mmoja wa chambo kwenye ndoana. Ndoana ameivisha manyoya meupe ya kuku, au nyuzi za kamba ya nailoni zilizochambuliwa, au ameifunga kwenye kijiko cha kulia kilichokatwa mpini na kutobolewa matundu mawili. Kijiko hakinuki wala hakiliwi. Samaki amekipendea nini?

Amependa namna kinavyoyumba.

Samaki anayeishi kwa kuwinda hawezi kumfukuza kila anayepita mbele yake. Mbio za bure zinamla nguvu, na dagaa mzima akiwa kundini ni vigumu kumlenga, maana wote wanafanana na wote wanageuka kwa pamoja hadi macho ya mwindaji yanachanganyikiwa. Mwindaji anamsubiri aliyetofautiana na wenzake: mgonjwa, aliyejeruhiwa, anayekwenda upande. Tena samaki mzima huogelea wima, mgongo mweusi juu na tumbo jeupe chini, na hivyo hufichika. Akiumia hulala ubavu, magamba yakapigwa na jua, akameremeta na kuzimika. Kijiko kinachopinduka majini kinatoa mmeto uleule.

Jambo hili lilimtoa kimaisha mvuvi mmoja maskini wa Finland, Lauri Rapala. Alikuwa akivua samaki wawindaji wa maji baridi katika ziwa Päijänne, na kila alipowatazama aliona wanamwendea yule samaki mdogo anayechechemea. Mwaka 1936 alichonga samaki wa gome jepesi kwa kisu cha fundi viatu, akamvisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu yake akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Jina lake likaja kuwa chapa inayouzwa dunia nzima. Kijiko nacho ni cha zamani zaidi: Mmarekani Julio Buel alipewa hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kijiko chake kutumbukia ziwani na samaki akakirukia.

Sisi Unguja na Pemba hatuna ziwa la kufuga sangara, lakini kanuni ya ziwani na ya mkondo wa Pemba ni moja. Kijiko kina mgongo na kina tumbo, kwa hiyo maji hayapiti sawasawa pande zote mbili. Nyuma yake huzuka vizingia vidogo, yaani maji yanayojizungusha, mara kushoto, mara kulia, na kila kimoja kinakivuta kijiko upande wake. Ndiyo maana bati lililonyooka kabisa halivutii samaki kama lililopindwa kidogo.

Vizingia hivyo samaki anavihisi hata asipoona. Nenda soko la Darajani ukamtazame kolekole vizuri: utaona mstari unaotoka karibu na shavu, unapinda, kisha unanyooka mpaka mkiani, ambako umejengwa kwa magamba magumu yanayokwaruza mkono. Kwa nguru, mstari huo unashuka ghafla kuelekea mkiani. Ndani yake mna vihisio vinavyopokea mtikisiko wa maji. Watafiti waliwaziba macho samaki wawindaji wa maji baridi wa Marekani waitwao muskellunge, wakakuta bado wanaweza kumnasa samaki mdogo akipita karibu. Walipowanyima na mstari huo, waliacha kuwinda. Kwa mbali jicho ndilo linalomwita samaki. Karibu, mtikisiko unamsaidia kujua mahali pa kuuma. Na kwa kuwa hana mkono wa kushikia, akitaka kujaribu kitu anatumia mdomo.

Kwa sababu hiyo naona tunahangaika mno na rangi. Nyekundu inayopendeza dukani hupotea kwanza majini. Ukishuka mita kumi hivi inaonekana kama kijivu au nyeusi. Nyeupe na fedha zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Muda wa kupaka rangi ni bora utumike kwenye kukunja.

Ukitaka kutengeneza chako, chagua kijiko cha chuma kisichoshika kutu. Mshipi ufungwe upande mwembamba, ndoana upande mpana, na kingo za matundu zipigwe tupa ili zisikate. Kabla ya kutoka, kikokote kando ya chombo na ukitazame. Kikienda kimelala tu, kipinde zaidi au ongeza mwendo. Kikizunguka mfululizo badala ya kuyumba, kimepindwa kupita kiasi au chombo kinakwenda kasi mno, na mshipi utajisokota mpaka ufanye mafundo. Weka kiungo kinachozunguka kati ya mshipi na kijiko. Kisha tia kipande cha waya kati ya kiungo hicho na kijiko, kwa sababu meno ya nguru na mzia yanakata nailoni kwa pigo moja.