Uvimbe wa taya usiouma si lazima uwe jino bovu

Wengi huamini kwamba taya likivimba bila kuuma, kosa ni la jino: ling'oe, uvimbe utaisha. Sivyo, na inasikitisha mtu anapong'olewa meno mazima bure. Ameloblastoma, uvimbe usio wa saratani, hukua polepole kwa miaka, mara nyingi nyuma ya taya la chini, ukila mfupa na kulegeza meno. Eksirei ya taya zima mara nyingi huonyesha vyumba vyeusi vilivyoshikana kama mapovu ya sabuni, na mizizi ya meno iliyolika. Hata hivyo, baadhi ya vifuko vya maji tayani huonekana vivyo hivyo pichani. Kinachothibitisha ni kipande cha nyama kilichopimwa maabara. Sitiskani (CT scan), picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, humwonyesha daktari wa upasuaji uvimbe umefika wapi.