Vitamini E ikizidi, haitoki kirahisi kwa mkojo

Wengi tumekua tukiambiwa vitamini haina madhara, ikizidi mwili utaitoa kwa mkojo. Kwa vitamini C maneno hayo yana ukweli kiasi. Vitamini E ni habari nyingine: huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huiweka akiba katika ini na tishu zenye mafuta.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 hivi kwa siku. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti peke yake hutoa kama theluthi moja, bado karanga hujazitia kwenye mchicha. Sasa tazama kile kidonge laini cha rangi ya dhahabu (wengine hukitoboa wakajipaka usoni): mara nyingi kina yuniti 400 (kipimo cha kimataifa cha vitamini), yaani miligramu 180 au zaidi.

Kipimo hichohicho kilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wanaume zaidi ya 35,000. Ilitarajiwa kingezuia saratani ya tezi dume. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha saratani hiyo imeongezeka kwa asilimia 17 kwa waliomeza vitamini E peke yake, kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa.

Dozi kubwa pia hupunguza kuganda kwa damu. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu isigande), au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kwanza.