Je, wajua kwa nini kumsaidia mwanafunzi wa sayansi si sawa na kumrahisishia swali?

Msumari ukianguka kivukoni Likoni huzama papo hapo, lakini feri ya chuma hupita palepale na malori juu yake. Kwa nini? Tuseme mwanafunzi wa sekondari hapa Mombasa anaulizwa swali hilo darasani, anakwama.

Wengi huamini dawa ni kumpa swali jepesi. Anawekewa karatasi: "Meli huelea kwa sababu ndani yake mna ____." Anaandika "hewa", anapata tiki, na somo linasonga mbele. Kasoro ni mbili. Kwanza, kufikiri kote kumefanywa na aliyetunga sentensi. Pili, jibu lenyewe linapotosha, kwa sababu hewa siyo inayoinua meli. Chukua pipa la chuma linaloelea, lifunge, kisha toa hewa yote iliyomo. Maadamu halijabonyea, litaendelea kuelea, tena litapanda juu kidogo, kwa kuwa hata hewa ina uzito. Mwanafunzi wa "hewa" hana la kusema mbele ya pipa hilo. Na wapo watu wazima wengi waliomaliza shule wakiwa na jibu hilohilo.

Mbona basi asiachwe tu apambane na swali gumu? Hapa inafaa kutazama akili inavyobeba mambo. Mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, alitaja vitu saba hivi ambavyo mtu hukumbuka kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, mwaka 2001, alishusha hadi karibu vinne. Idadi kamili bado inajadiliwa, ila kwamba nafasi ni finyu, hilo halina ubishi. Ifikirie kama sinia dogo la vikombe vya kahawa. Mwanafunzi anabeba maneno ya Kiingereza ya kitabuni, vipimo vya kubadilisha, jedwali la kuchora, mizani asiyoizoea, na juu ya yote hayo wazo lenyewe. Sinia linafurika. Lakini kikombe chenye kahawa ni kimoja tu, nacho ni lile wazo. Kurahisisha swali ni kuondoa kikombe hicho. Kusaidia ni kuondoa vile vitupu na kumwachia kile kilichojaa, kizito vilevile.

Kwa vitendo iko hivi. Jagi linajazwa maji hadi mdomoni na kuwekwa ndani ya besini. Donge la plastisini (udongo laini wa kufinyangia) linatumbukizwa, linazama, na maji yaliyomwagika yanapimwa. Jagi linajazwa tena. Donge lilelile linafinyangwa kama bakuli na kuwekwa juu ya maji. Linaelea, na safari hii maji yaliyomwagika ni mengi zaidi! Mwalimu amekwisha kuchora jedwali na kuonyesha mizani inavyosomwa. Asichogusa ni swali: uzito wa plastisini haukubadilika, kilichobadilika ni nini? Kikundi kinachotazama tarakimu zake kwa makini kitaona kwamba maji yaliyosukumwa na bakuli yana uzito sawa na bakuli lenyewe, na yale ya donge ni mepesi kuliko donge. Chuma nacho ni hivyohivyo: kilo moja ikiwa donge husukuma maji ya gramu 127 hivi tu, ikitandazwa kuwa bakuli pana, inaweza kusukuma kilo nzima.

Mabishano ya kikundi kuhusu swali hilo yafanywe kwa Kiswahili. Kuanzia gredi ya 4 lugha rasmi ya kufundishia nchini Kenya ni Kiingereza, na jibu la mwisho litaandikwa kwa Kiingereza. Wazo likishakaa sawa, kutafuta maneno ni kazi nyepesi.

Msaada huu lazima upungue. Utafiti maarufu wa Wood, Bruner na Ross wa 1976 ulionyesha mkufunzi akibadili msaada kulingana na mtoto anavyomudu, ingawa hao walikuwa watoto wa miaka 3 hadi 5 wakijenga piramidi ya vipande vya mbao, mbali na maabara ya sekondari. Tafiti za baadaye zimeonyesha pia kwamba maelekezo yanayomfaa anayeanza yanaweza kumzuia aliyekwisha kuelewa. Kwa hiyo jedwali linaondolewa, na kikundi kinapewa swali jipya: bakuli hilo litazama kina kipi zaidi, kwenye maji ya bomba au ya bahari? Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, lakini hilo wanaachiwa walipime wenyewe.