Wimbo haunolewi kwa kurudiwa

Kwa miaka mingi sentensi niliyoitumia kuliko zote mazoezini ilikuwa hii: "Haya, tena, kutoka mwanzo." Kwaya inaimba, kuna mahali panakwaruza, nasimamisha, nasema sentensi yangu, tunaimba upya, panakwaruza palepale. Muda ukiisha tumeimba wimbo mmoja mara kumi na mbili. Ubeti wa kwanza unang'aa kama sufuria ya shughuli, ubeti wa tatu bado una masizi. Tunarudi nyumbani tumechoka, na uchovu ule tunauita mazoezi. Kumbe tulikuwa tunatwanga maji kinuni.

Siku hizi nimejipiga marufuku kuisema. Nafundisha kwaya ya usharika hapa Morogoro, waimbaji 28 wakifika wote, na hawafiki wote: soprano 11, alto 9, besi 5 na tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, 3. Ni mafundi cherehani, walimu, mama lishe wawili, kijana wa bodaboda, wastaafu. Ratiba inasema saa 11 jioni, watu wanatimia saa 12 kasoro, na giza likiingia kina mama wanaanza kuangalia mlango. Nabaki na saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki. Muda ukiwa mdogo kiasi hicho unalazimika kujiuliza: kunoa wimbo ni kufanya nini hasa?

Jibu la kwanza nililipata kwenye simu. Niliiweka dirishani, nikarekodi wimbo wetu wa lazima wa mashindano bila kinanda, usiku nikalinganisha. Tulianza do, noti ya msingi ya wimbo, ikiwa F. Beti tatu baadaye do ilikuwa E, tena E iliyolegea. Hakuna aliyekuwa amesikia chochote, kwa sababu kwaya ikishuka yote pamoja haina kitu cha kujipimia. Nilipowachezea rekodi ile Alhamisi, kila mtu aliwageukia besi. Besi hulaumiwa kwa kila kitu, hata mvua ikinyesha.

Niliisikiliza tena na tena kalamu ikiwa mkononi, na nikaona kwamba hatukuwa tunashuka kila mahali. Kulikuwa na sehemu za aina mbili tu. Moja ni pale noti ileile inaporudiwa: s s s s, silabi nne juu ya noti moja (kwa herufi za solfa: d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni so, l ni la, t ni ti). Kila silabi inaanzishwa kwa pumzi pungufu kuliko iliyotangulia, na sauti inalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nyingine ni kwenye ngazi za kushuka, s f m r d, ambako watu hushuka kwa hatua pana mno, kisha wakitakiwa kupanda kutoka t kwenda d hawafiki.

Kwa hiyo sasa hatuimbi wimbo. Tunachukua mapigo manne hayo tu, tunayaimba polepole kwa silabi "nu", bila maneno, na nawaambia noti ya pili waifikirie juu kidogo kuliko ya kwanza, ya tatu juu kidogo kuliko ya pili. Hazitapanda. Zitabaki mahali pake, na hilo ndilo ninalotaka. Inachukua dakika sita. Kuna ujanja mwingine ambao siwezi kuueleza vizuri lakini unafanya kazi: wimbo unaoshuka kila mara ukiwa F, uanzishe F kali, nusu toni juu. Koo inatoka kwenye mazoea yake na mara nyingi wimbo haushuki.

Mpiga kinanda wetu hapendi nikisema hivi, lakini kinanda nacho si msahafu. Kinanda kimeigawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, na kila nusu toni ina senti 100, hivyo m yake iko senti 400 juu ya d. Lakini m inayotulia juu ya d bila kutetemeka, ile ambayo mitetemo yake na ya d ni 5 kwa 4, iko kwenye senti 386 hivi. Kinanda kiko juu kwa senti kama 14. Ndiyo maana kwaya iliyoiva ikiimba yenyewe, halafu kinanda kikaingia katikati, unasikia kitu kama mchanga kwenye wali. Mimi nakitumia kutoa do, kisha nakifunga. Faida nyingine niliigundua umeme ulipokatika katikati ya mazoezi: jioni ile alto waliwasikia waimbaji wa tena kwa mara ya kwanza.

Kuhusu solfa nitasema kidogo tu, maana wengi mnaijua. Kina Sarah Glover na baada yake mchungaji John Curwen waliijenga huko Uingereza katika karne ya 19 ili watoto na waumini wa kawaida waimbe bila vitabu vya nota ghali, na wamisionari wakaisambaza hadi kwetu. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 huko Afrika Kusini wimbo uliotupa tuni ya wimbo wetu wa taifa, alikuwa mtu wa solfa. Uzuri wake ni kwamba m ni m popote do ilipo, kwa hiyo mama lishe wangu anasoma ubao upesi kuliko kijana aliyesomea piano. Ubaya wake ni kwamba watu wakishaikariri wanaimba herufi. Wimbo unabaki d : r | m : – hata baada ya maneno kuingia, kila silabi na uzito uleule, kama matofali.

Na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwenye maneno. Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Neno barabara likikazwa kwenye "ba" ya pili ni njia. Likikazwa kwenye "ra" ya kwanza lina maana ya sawasawa. Nyimbo nyingi tunazoimba zina tuni zilizotoka Ujerumani au Uingereza, na katika lugha hizo mstari mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo. Mtunzi akaweka pigo zito mwishoni. Sisi tukaweka maneno yetu juu yake, na pigo zito likaangukia silabi nyepesi: bwaNA, mileLE, mbinguNI. Ukiisikiliza kwaya ya kawaida, kila mstari unaisha kama mtu anayebamiza mlango. Huwezi kubadilisha tuni, lakini unaweza kubadilisha uzito. Tunaegemea silabi ya pili kutoka mwisho, hata kama noti yake ni fupi, na ile ya mwisho tunailaza chini taratibu, hata kama ni ndefu. Kwangu mimi hakuna marekebisho mengine yanayobadilisha kwaya kwa haraka namna hii, na hayahitaji sauti nzuri.

Halafu kuna m. Neno mtakatifu lina silabi tano, na ya kwanza haina irabu. Nusu ya kwaya yangu ilikuwa inaimba "mutakatifu," nusu ilikuwa inaimeza m na kuanzia "takatifu," na mtu aliyekaa benchi la nyuma alikuwa anasikia uji. Tulikubaliana hivi: midomo inafungwa, meno yanaachana ndani, na m inaimbwa kwa noti yake halisi kuanzia mwanzo wa pigo, kwa urefu wake wote. Mwanzoni walicheka, wakasema tunalia kama ng'ombe. Wiki ya pili hawakucheka.

Irabu mbili zinazofuatana zina ugomvi wake pia. Kuimba ni ku-i-mba, njoo ni njo-o, mioyo ni mi-o-yo. Noti zikiwa chache watu wanazibana, mmoja "kwimba" mwingine "kuimba", kwenye pigo lilelile. Sina sheria moja hapa. Naangalia noti ziko ngapi, naamua, naandika ubaoni, na tukishaamua hakuna mjadala hadi baada ya mashindano. Kwaya ni mahali ambapo uamuzi mbovu wa pamoja unasikika vizuri kuliko maamuzi mazuri 28.

Jambo la mwisho la lugha lilinichukua miaka kuliona. Karibu maneno yetu yote huisha na irabu. Wenzetu wanaoimba Kiingereza au Kijerumani wana konsonanti ya kufungia, wakisema "t" au "s" pamoja wamemaliza pamoja. Sisi hatuna kitasa. Wimbo wa Kiswahili haukatwi, unaachwa, na 28 wakiuacha kila mmoja kwa wakati wake unasikia mkia. Kwa hiyo kila noti ndefu naiandikia pigo la kuiacha: "aaa" inaisha kwenye pigo la nne, si baada yake. Na mdomo haufungwi. Anayefunga mdomo huongeza "m" ambayo mtunzi hakuiandika. Wanasimamisha pumzi, mdomo ukiwa wazi.

Pumzi tunapokezana. Sheria ni moja: usivute pumzi pamoja na jirani yako, na usivute mwisho wa mstari, kwa sababu hapo ndipo wote wanataka kuvuta. Vuta katikati ya irabu ndefu, kimya, kisha rudi polepole kama mtu anayeingia ibadani akiwa amechelewa. Hili wazee wa besi walilishika upesi kuliko vijana. Vijana wana mapafu, hawaoni haja.

Tena watatu ni shida isiyo na dawa kamili. Nimewatoa pembeni nikawaweka katikati, mbele ya besi, na nimewapunguza alto badala ya kuwaambia hao watatu wapaze. Mwimbaji wa tena anayepaza hupanda, kisha hukauka, kisha haji Jumamosi. Kuna dada mmoja wa alto mwenye sauti nzito anayewasaidia kwenye noti zao za juu. Majaji hawajawahi kuuliza.

Sasa nikianza kunoa wimbo naanzia mwisho. Ubeti wa mwisho kwanza, tena mistari miwili ya mwisho kwanza, kisha narudi nyuma. Hivyo kadiri wanavyosonga mbele wakati wa kuimba wanaingia kwenye sehemu wanazozijua zaidi, si wanazozijua kidogo. Na kosa likitokea nasimamisha palepale. Kosa lililoimbwa mara tatu limeshakuwa sauti ya tano. Litakuwa na wafuasi wake, na kulitoa kutachukua wiki.

Kucheza naingiza mwisho kabisa, wimbo ukishasimama wenyewe. Kwanza hatua bila kuimba, kisha hatua na maneno yakisemwa tu, kisha vyote. Kwaya zinazojifunza wimbo na mchezo siku moja zinapendeza sana picha ikiwa haina sauti.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano sifundishi kitu kipya. Jumamosi iliyopita nilitoa do, nikafunga kinanda, nikaenda kusimama mlangoni nikiwapa mgongo, wakaanza bila mkono wangu. Beti tatu. Nilirudi nikabonyeza F: ilikuwa F, au karibu sana. Kwenye ubeti wa pili waimbaji wa tena waliacha "milele" nusu pigo baada ya wengine. Nimeiwekea alama kwa penseli, Jumanne tunaanzia hapo.