"Hata KMKM": mambo ya sayansi na kazi za ulinzi nliyochoka kuyasikia

Juzi kaja bi mmoja pale tunapokutana na vijana Jumamosi kuunda roboti ya kuzama majini, mwanawe yuko nyuma kainamisha kichwa, matokeo ya fomu foo yametoka, hesabu kapata F na fizikia hakuifanya kabisa, aliiwacha fomu thrii. Bi akanambia, "Mwalimu, huyu skuli imemshinda, mtafutie hata KMKM."

Hata KMKM, kikosi chetu cha Zanzibar cha kuzuia magendo! Hiyo "hata" ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika, maana kila anaeisema anaisema kama jambo linalojulikana, jua linatoka mashariki na waliofeli wanapelekwa vikosini. Mimi kabla ya kufundisha nilikuwa fundi wa redio na rada za boti, na kila nkisikia neno hilo nawakumbuka watu niliofanya nao kazi, nahisi wanatukanwa wao.

Nikamwita yule kijana pembeni nikampa suali moja tu. Mtu kaanguka baharini saa 8 usiku, kaskazini ya Nungwi, mkondo unakwenda kaskazini noti 3, yaani maili 3 za bahari kwa saa, boti ya uokozi inafika saa 10, utamtafuta wapi? Akanambia pale pale alipoanguka. Pale pale! Noti 3 kwa saa 2 ni maili 6 za bahari, karibu kilomita 11, yaani wewe unamulika tochi hapa na mwenzio keshachukuliwa zamani huko kizani upande wa Pemba, na hapo bado hatujatia upepo wa kusi. Hiyo hesabu ni kuzidisha tu, ya darasa la nne, lakini ukimpa mtu asieiweza kazi ya kuongoza boti ya uokozi unamuuwa aliyeko majini. Na mzamiaji nae vile vile, akishuka mita 30 presha inakuwa mara 4 ya ile ya juu, na hewa ya mtungi inakwisha mara 4 kwa haraka, asiejua hivyo atapanda akiwa maiti. Mwenye kukaa na rada, mwenye redio, fundi wa injini, nesi, hao wote ni vikosi, na kwa siku nyingi bunduki wala haitolewi ghalani.

Tunaikumbuka sote Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba usiku, imejaa kupita kiasi, ikazama. Waliletwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini na bahari ikawashinda. Sitaki kulifanya msiba ule mfano wa darasani, watu wamezika na wengine hawakupata hata wa kumzika, lakini mzazi akinambia kwamba roboti ya kuzama majini ni mchezo wa watoto, hapo ndipo akili yangu inapokwenda.

Na kule Bara ni hivyo hivyo. JWTZ, jeshi la taifa, wana hospitali ya Lugalo, wana Nyumbu kule Kibaha inayoshughulika na magari, kuna Mzinga Morogoro wanakotengeneza risasi, hebu nambieni hizo kazi zinafanywa na waliofeli? Tangazo la kuandikisha vijana likitoka watu wanasoma mstari wa fomu foo tu wanakimbilia kutafuta mjomba mwenye cheo, chini yake kumeandikwa wanaotakiwa wenye diploma na digrii, madaktari, mainjinia, mafundi, hapo hawafiki.

Sasa mnisikilize kwa hili maana ndio dawa yangu na nitaisema mpaka nife: fizikia isiwachwe fomu thrii. Hapo ndipo tunapowapoteza, sio fomu foo. Mtoto anafika fomu thrii anaambiwa chagua, rafiki zake wanaiwacha, yeye anaiwacha, nyumbani hakuna aliyeuliza, miaka miwili baadae mzee anakuja kwangu anataka mtoto awe injinia wa meli. Mkondo wa kwendea uinjinia fomu faivu unataka fizikia, chuo cha ufundi kinakutazama fizikia, mimi nitaitoa wapi? Ana D wacha abaki na D yake, D inasogezwa, lakini somo ambalo hukulifanya halisogezwi na mtu.

Haya, jengine. Hawa vijana wameanza kuona mitandaoni mambo ya Marekani, Wizara ya Ulinzi ya kule inashirikiana na skuli, vyuo vikuu na jumuiya kusomesha watoto sayansi na hesabu, wenyewe wanaita STEM, na hapa mtaani ishakuwa hadithi kwamba watoto wanachukuliwa wadogo wanapikwa wawe askari. Si hivyo. Chukua STARBASE, ilianza Detroit 1991, watoto wa darasa la tano wanapelekwa na skuli yao kwenye kambi, wanasoma saa 25 na kufanya majaribio, kisha wanarudi kwao, hakuna aliyetia saini ya jeshi. Wakubwa wana skolashipu inaitwa SMART, wanalipiwa chuo na posho juu, na kila mwaka waliolipiwa wanaurudisha kwa kufanya kazi mwaka mmoja wizarani, lakini kama raia, hawavai kombati. Wizara ile imeajiri raia laki kadhaa, na wengi wao kazi zao hazina bunduki.

Lakini pia msiniletee ile nyengine, kwamba ni sadaka. Wanawekeza kwa sababu wanataka mainjinia wa kesho na hawakatai, wanasema wazi. Mimi sioni aibu ndani yake, mkulima anaepanda mkarafuu hajidai kwamba anapanda kivuli.

"Basi mwalimu muombee mwanangu hiyo SMART." Haiombeki! Ni ya raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, khalas. Kama kuna mtu anakutoza pesa akujazie fomu ukiwa na kitambulisho cha Mzanzibari, huyo anakula pesa yako. Wameshakuja kwangu wawili walioliwa hivyo.

Kinachoigika kwao ni maarifa, na hayo hayaulizi pasi. Kuna mradi unaitwa SeaPerch, ulianzia chuo cha MIT 2003 kwa msaada wa ofisi ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, watoto wanaunda roboti ya kuzama kwa mabomba ya plastiki, mota tatu ndogo, waya mrefu, na betri ya volti 12. Tumejaribu na sisi. Mabomba ni vipande alivyobakisha fundi wa maji, maboya tumekata ndara zilizochakaa, na kuzuia maji yasiingie kwenye mota tumemimina nta ya mshumaa, ya mwanzo ikavuja, mota ikakoroma kama paka mgonjwa ikafa. Siku ya pili tukaitia kwenye simtanki ikapinduka miguu juu, vijana wakacheka, kisha kabinti kamoja ka fomu wani kakasema ndara ziko chini, zihamishwe juu. Kazihamisha kenyewe, ikakaa sawa. Hakajasomeshwa bado kitovu cha uzito wala kanuni ya Archimedes ya kuelea, lakini siku katakayosomeshwa hakatakariri, kameshaiona kwa macho.

Kwa hiyo wanaonambia "hizi roboti ni za wenye pesa" jawabu yao ni hiyo.

"Za wanaume." Grace Hopper, mwanamke, daktari wa hesabu tangu 1934, kaingia jeshi la majini la Marekani, katoka 1986 ana cheo cha rear admiral na miaka 79. Tusonge mbele.

"Kwetu hakuna pa kusomea." Taasisi ya Karume ya sayansi na teknolojia ipo Mbweni, SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, ipo, taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu 1978, na 2023 chuo cha teknolojia cha IIT Madras cha India kimefungua tawi Bweleo, la kwanza kwao nje ya nchi yao. Hao wa Bweleo si mambo ya ulinzi, wanasomesha data na akili bandia, lakini hebu niambie rada ya leo inafanya kazi kwa nini kama si data. Pa kusomea papo, tatizo ni ile fizikia ya fomu thrii.

Yule kijana wa bi tumemrudisha kwenye hesabu, atakaa mtihani tena kama mtahiniwa wa kujitegemea na fizikia anaianza upya, anakuja baada ya laasiri. Juzi kanifuata mwenyewe kauliza, na kama upepo unavuma kinyume na mkondo, yule mtu anakwenda wapi? Nikampa karatasi achore mishale. Nyinyi wengine mnaokuja Jumamosi, njooni na ndara zilizokatika, mota mbili zimeingia maji tena.