Deni sio lako ila liko kwenye jina lako, anzia kwa aliyeliandika

Wiki iliyopita mama mmoja wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alinifuata na mfuko wa nailoni, ndani risiti, barua, na daftari la marejesho limelowa pembeni mpaka wino umetawanyika, ananiambia mwanangu nimenyimwa mkopo wa injini ya mtumbwi wanasema kuna sehemu nadaiwa, na mimi risiti zangu zote hizi hapa. Tukakaa juu ya kreti tukafungua ripoti yake ya mikopo. Deni lipo kweli. Ila sio lake, yeye ni Kulwa, deni ni la pacha wake Doto.

Huku kwetu Usukumani wakizaliwa mapacha ni Kulwa na Doto, jina la baba moja, tarehe ya kuzaliwa moja, mara nyingi na mtaa mmoja. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ndo tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hata namba zao zinaanza sawa. Sasa afisa mikopo jioni kachoka, foleni bado ipo, anamtafuta mteja kwa jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa, linatokea faili la Kulwa, anaingiza humo mkopo wa Doto. Nimekaa kwenye kile kiti miaka kadhaa, najua inavyotokea, na inaniuma maana aliyekosea halali njaa, anayelala njaa ni mama wa watu.

Wengi wanadhani Benki Kuu ndo imewaandika vibaya. Hapana. Aliyekukopesha ndo anapeleka taarifa zako kwenye kanzidata ya Benki Kuu, halafu kampuni zenye leseni, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinachukua huko na kutengeneza ile ripoti benki wanayoisoma. Kosa limezaliwa kwenye tawi la mkopeshaji, na lisiporekebishwa kwenye faili lake, hata likisahihishwa huko juu, akituma taarifa tena linarudi lilelile.

Kwa hiyo kwanza omba ripoti yako mwenyewe, ni haki yako kwa kanuni za taarifa za mikopo za mwaka 2012, usikubali kusimuliwa tu dirishani. Halafu mwandikie mkopeshaji barua. Simu haiachi alama. Weka namba ya mkopo kama ilivyo kwenye ripoti, kiasi, tarehe, sema kosa ni nini na unataka kisomeke nini, ambatisha kopi ya kitambulisho na risiti, kisha nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, usitoke pale bila huo muhuri. Nakala nyingine ipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti wajue hilo deni unalipinga. Wakikaa kimya, lalamika Benki Kuu, tawi lao lipo hapahapa Mwanza.

Kuna kosa jingine nalikuta sana, salio dogo. Umeambiwa Ijumaa umalizie 412,000, wewe unalipa Jumatatu kupitia wakala, riba ya siku tatu imebaki, tuseme 1,900, hakuna aliyekupigia, faini inapanda juu yake na baada ya miezi unasoma kwenye ripoti mkopo chechefu, yaani mkopo usiolipwa. Hapo lipa hicho kilichobaki kwanza, omba faini ifutwe, na udai barua ya kumaliza mkopo siku hiyohiyo.

Ila kama ulichelewa kweli, hakuna wa kukufutia, marekebisho ni ya kosa tu. Hao wanaotuma meseji wanasafisha jina kwa elfu hamsini ni matapeli, nawaomba sana msiwape hata namba ya NIDA.

Jana tumeenda tawini na Doto mwenyewe, maskini alikuwa hajui kabisa, kila rejesho lake analipa akiamini liko kwa jina lake, na ile miezi miwili aliyokwama akiuguza mtoto ikamwangukia dada yake. Kaandika kwa mkono wake kwamba mkopo ni wa kwake, kasaini, nakala zetu zimegongwa muhuri. Ripoti mpya ikitoka nitataka kuona mkopo umetoka kwa Kulwa na umeingia kwa Doto na tarehe zake zote, maana ukifutwa tu upande mmoja, yale marejesho Doto aliyolipa kwa jasho hayataonekana popote.