Pombe ya jana, usukani wa leo: tunayoambiana Tanga na ukweli wake

"Nimelala, nimezimua, niko fiti."

Katika yote yanayosemwa kuhusu ulevi na barabara, hili ndilo linaloniogopesha zaidi, maana anayelisema analiamini. Ini la mtu mzima hupunguza pombe kwa kadiri ya miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, na haliharakishwi na kitu. Kahawa chungu ya Ngamiani, supu ya pweza, dafu, kuoga maji baridi: vyote vinaweza kumfumbua mtu macho, lakini pombe iko palepale. Kinachoiondoa ni saa.

Tukadirie. Dereva wa kilo 70 anaanza bia saa mbili usiku. Kufika saa sita ameshamaliza chupa sita za mililita 500, za asilimia 5. Saa kumi na mbili asubuhi, anapoondoa gari kuelekea Segera, damu yake inaweza kuwa bado na miligramu zipatazo 100. Ukomo wa sheria ya Tanzania ni 80, na dereva wa abiria anatakiwa awe sifuri. Hata angeishia chupa nne, kwa hesabu hiyohiyo alfajiri ile bado hajafika sifuri. Na abiria atajuaje? Dereva amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, anasalimia watu vizuri.

"Mnazi si pombe kali."

Mnazi upi, na wa saa ngapi? Chachu huanza kazi mgema akiwa bado juu ya mti. Uliogemwa alfajiri ni mtamu. Ukikaa mpaka jioni, glasi ileile ina kilevi kingine, na hakuna lebo ya kukuonya. Anayehesabu glasi hajui anahesabu nini. Vichupa vidogo navyo vinadanganya: mililita 200 za pombe ya asilimia 35 ni karibu sawa na bia tatu. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini kilichoondoka madukani ni pakiti tu.

"Mimi nimezoea, hainipati."

Mazoea huficha dalili. Mnywaji wa miaka mingi hapepesuki wala haropoki, lakini bado anachelewa kumwona mwendesha baiskeli asiye na taa pale Pongwe. Gari lililo mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Akichelewa nusu sekunde, ni mita 11 kabla mguu haujagusa breki. Wala si kweli kwamba haya ni ya vijana wa bodaboda peke yao. Baba wa familia anayerudi harusini na gari lake, watoto wamelala kiti cha nyuma, yumo katika hesabu hii. Nchini Marekani, ambako madereva wanapimwa sana, takriban vifo 3 kati ya 10 vya barabarani vinahusisha dereva mlevi.

"Mirungi inamsaidia dereva."

Inamnyima usingizi, haimpumzishi. Uchovu unabaki mwilini, na nguvu ya majani ikikatika usingizi unamwangukia ghafla, pengine katikati ya Mkata na Manga. Bangi huchelewesha maamuzi, na ikichanganywa na pombe hali huwa mbaya zaidi. Mirungi na bangi vyote ni haramu kisheria. Ila hata piriton ya mafua, ambayo ni halali kabisa, inasinzisha. Muulize mfamasia kabla hujashika usukani.

"Ukila peremende, kipimo cha trafiki hakioni."

Kinasoma hewa ya mapafuni. Harufu ya mdomo haikihusu.

"Mlevi akitaka kuacha, aache tu leo."

Kwa aliyekunywa kila siku kwa miaka, kukata ghafla kunaweza kuleta mtetemeko, maruweruwe, hata degedege, na wengine hufa. Ulevi ni ugonjwa unaotibika. Ndugu yako aende hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, amweleze daktari anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, bila kuficha hata chupa moja.